Mkalimani Aliyemlilia Mtu wa Katuni

Miaka yote tuliyokaa ukuta kwa ukuta sikumwamini hata siku moja. Mimi ni mwanamke fundi wa nguo, cherehani yangu iko barazani, na yeye alikuwa na duka la kuwawekea watu sinema kwenye flashi, mlango unaofuata. Nyuma ya duka kulikuwa na banda la video lenye mabenchi na televisheni moja kubwa. Mji mzima wa Kakamega ulimwita Mkalimani. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, filamu ya Kichina au katuni ya Kijapani ikiendelea, na kuwaeleza watu kwa Kiswahili chetu cha huku yule amesema nini na huyu amemjibu nini. Kichina hakukijua. Kijapani hakukijua. Yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha aliyasoma nusu, na nusu nyingine ilikuwa imeshapita. Mtu anayetafsiri lugha asiyoijua, na watu wanaingia, wanacheka, wanalia, wanarudi kesho, nilijua lazima kuna kitu anaficha.

Yeye naye hakumwamini mtu, na labda ndiyo sababu tuliishi vizuri. Ukimwambia "Mulembe," salamu ambayo kwetu huitikiwa bila kufikiri, alikutazama usoni kwanza ndipo akaitikia. Andazi alilivunja katikati kabla ya kulila, akachungulia ndani. Flashi ya mteja aliinusa kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta, kana kwamba virusi vina harufu. Siku moja alipita mhubiri akitangaza kwamba jana yake kiwete ametembea uwanjani. Mkalimani akamsimamisha. "Huyo kiwete anatokanga kijiji gani? Mama yake ni nani?" Mhubiri akaongeza sauti ya kipaza chake na kuendelea na safari.

Kilichomtia wasiwasi kuliko vyote ni kitu kupendwa na watu wengi kwa muda mfupi. Hapo macho yake yalipungua yakawa kama matundu ya vifungo. "Ngoma ikivuma sana hupasuka," alisema. Aliyasema hayo kuhusu wanasiasa, kuhusu hoteli mpya ya chipsi karibu na stendi, na kuhusu mtindo wa viatu. Mara nyingi alikosea. Ile hoteli ya chipsi ipo mpaka leo na imefungua tawi.

Alikuwa na sheria moja iliyowaudhi wateja. Hukupewa sinema mpya mpaka umsimulie ile uliyochukua mara ya mwisho. Mwanafunzi amekuja kutoka chuo cha kilimo cha Bukura, amesimama mlangoni na flashi yake, gari linamwacha, na Mkalimani amekunja mikono.

"Simulia kwanza."

"Mzee, niko na haraka."

"Hata mimi. Simulia."

Mimi nilishuku kwamba anaiba. Nilisema huyu mtu anataka asimuliwe hadithi ili jioni akaitafsiri bila kuwa ameitazama, na kweli nilimshika akifanya hivyo zaidi ya mara moja. Nilipomwambia hakukana. "Na wewe fundi," akasema, "unakatanga kitambaa bila kupima mutu? Mimi napima hadithi. Ikikaa kwa flashi peke yake, hiyo ni mizigo. Ikikaa kwa mdomo ya mutu, hapo sasa imekuwa hadithi." Kisha akarudi ndani akitembea kama mfalme wa Kichina.

Kabla sijafika mbali, kuna jambo ambalo kila mtu barazani alilijua na hakuna aliyelitaja mbele yake. Mkalimani alikuwa na mtoto wa kiume, kifungua mimba wake, aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi ya ulinzi. Alipiga simu kila Jumapili watu wakitoka kanisani, kisha Jumapili moja hakupiga. Namba ikawa haipatikani. Wakala aliyempeleka naye akawa hapatikani. Miaka ikapita. Huko kwao, upande wa Khayega, wazee wa ukoo wakakaa na kusema lile linalosemwa kwetu mtu anapopotea hivyo: akatwe mgomba, shina lake livishwe nguo, lizikwe badala ya mwili, watu walie, wanyolewe nywele, mambo yaishe. Bila hivyo aliyekufa hana pa kulala na walio hai hawana pa kusimama. Tena binti yake Mkalimani alikuwa amejifungua mvulana, na bibi wa mtoto, mke wake Mkalimani, alitaka apewe jina la mjomba wake. Jina la mtu aliye katikati namna ile, si hai si maiti, halipewi mtoto. Kwa hiyo yule mvulana akaitwa "Mtoto" tu, akaota meno akiitwa "Mtoto."

Mkalimani alikataa. Kaka yake mkubwa alikuja dukani mara kwa mara kumshawishi, mzee mpole mwenye kofia ya sufu, na kila mara nilisikia jibu lile lile kupitia ukuta. "Maiti iko wapi? Nionyeshe." Kaka yake akainuka, akaniaga mimi, akaenda zake.

Sasa nieleze kazi yake ilivyokuwa, maana anayesikia neno mkalimani anaweza kufikiri ni mtu wa mahakamani. Majina ya Kijapani hayakumkaa mdomoni, kwa hiyo wahusika wote aliwapa majina yetu. Shujaa alikuwa Makokha, msichana mwenye nywele za zambarau alikuwa Nafula, na shetani mwenye mabawa aliitwa kwa jina la mtu yeyote aliyemkosea wiki ile. Aliwaunganisha kwa ukoo pia. Akaeleza kwamba Nafula ni binti wa shangazi yake Makokha, kwa hiyo tusitarajie arusi, hata kama kwenye picha wawili wale walikuwa wanashikana mikono na maua yanaanguka. Vijana walipiga kelele za kupinga. Akawaambia waende wakamwulize shangazi.

Na alihangaika sana na chakula. Mhusika akienda sehemu nzima bila kula, Mkalimani alisimamisha picha. "Huyu Makokha ametoka kwao asubuhi. Amekula nini? Hata chai ya rangi? Mutu atapiga shetani bila kukula obusuma, ugali ya kwetu?" Watu wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Mimi nilikuwa nikicheka kule nje, mguu kwenye cherehani, huku nikijiuliza kama huyu mtu anafanya mzaha au anauliza kweli.

Sauti alikuwa nazo nyingi: ya bikizee, ya jambazi, ya radi, ya mtoto mwenye njaa. Yake mwenyewe sikuwahi kuisikia. Hata alipokuja kuniomba mkaa wa pasi aliomba kwa sauti ya jenerali. Nilimshuku kwa hilo pia.

Basi ikaja ile katuni. Vijana waliiita Milango. Ilikuwa hadithi ya kijana anayetafuta milango iliyofichwa chini ya mji wao, na nyuma ya kila mlango kuna jitu, na kila jitu linaloshindwa linampa nguvu mpya. Nasema ukweli, picha zake zilikuwa nzuri ajabu. Mvua ya mle ndani ilinyesha vizuri kuliko mvua yetu ya alasiri, na mvua yetu si ya kuchezewa. Sehemu mpya ilitoka kila wiki, na Jumamosi banda la Mkalimani lilijaa mpaka watu wakatazama kupitia dirishani wakiwa wamesimama juu ya mitungi ya maji.

Sijawahi kuona mji ukipagawa vile. Vinyozi walinyoa kichwa cha Makokha. Waendesha boda boda walibandika mlango mwekundu nyuma ya pikipiki, pale kwenye bati la kuzuia matope. Mfanyabiashara mmoja wa Matungu, Mwislamu mtaratibu aliyeniletea vitambaa, alisalimu "Asalaam aleikum," akakaa, na kabla hata sijamjibu vizuri akaniuliza mlango unaofuata utakuwa na jitu gani. Nami nilikula kwa Milango, sitadanganya. Makokha alivaa koti refu jeusi lenye bitana nyekundu, na wanafunzi wote walitaka koti lile. Nilishona makoti mpaka ndotoni nikaona bitana.

Mkalimani alikuwa akiitafsiri kwa ufundi wake wote na kuishuku kwa moyo wake wote. "Hii kitu tamu yake iko wapi, fundi?" aliniuliza Ijumaa moja. Nikamwambia tamu yake iko kesho. Akatikisa kichwa. "Unaona. Tamu yake ni kesho. Sasa siku kesho ikiisha?"

Kitu kimoja tu alikipenda mle ndani bila kushuku, naye alikuwa mwalimu wa Makokha, mzee mwenye mkono mmoja. Alimpa jina Ingosi. Ingosi ndiye peke yake katika Milango yote aliyepika. Alikoroga uji kwa ule mkono mmoja, akawapa watoto, akakaa pembeni kuwatazama wakinywa. Mkalimani alimpa sauti ya chini, ya taratibu, na watu walinyamaza kila alipozungumza.

Jumamosi moja Ingosi akafa. Aliushikilia mlango kwa bega ili watoto wakimbie, na mlango ukamwangukia. Kule kwenye picha Makokha alisimama, upepo ukapeperusha koti, muziki ukapanda, na hata dakika haijaisha wakawa mbele ya mlango mwingine wanapigana. Mkalimani akabonyeza kitufe, picha ikasimama.

"Ngoja," akasema. "Hakuna mutu analia? Mzee amekufa, hakuna mutu analia?"



"Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Hawa wafiwa wameenda kupigana. Basi Ingosi ni wetu. Sisi ndio tutalia."

Akaanza. Akamlilia Ingosi jinsi mzee wa heshima anavyolilia mwenzake huku kwetu, akitaja matendo yake moja moja: aliyepika kwa mkono mmoja, aliyekunywa wa mwisho, aliyekuwa bega la watoto wa wenyewe. Mwendesha boda mmoja ambaye hupiga ngoma za isukuti matangani akapiga benchi kwa viganja, na mdundo ukashika. Watu wakainuka. Waliokuwa nje na pikipiki wakaziwasha na kuzunguka ua wakipiga honi, maana mzee akifa kwetu mafahali hukimbizwa boma zima, na hapo hapakuwa na mafahali. Mimi nilitupa futi yangu chini nikaingia. Nilimlilia mama yangu mle ndani, ambaye nilipomzika nilikuwa na shughuli nyingi za kupika hata sikupata nafasi. Wengine sijui walimlilia nani. Mama muuza njugu alikaa sakafuni na kanga usoni. Tulipotoka tulikuwa wepesi na tuliogopa kidogo kutazamana.

Nilimtazama Mkalimani akikunja waya wake. Nilitaka kujua kama machozi yale yalikuwa ya kweli au ya kazi. Uso wake haukuniambia kitu.

Wiki kadhaa baadaye wakafika mlango wa mwisho. Makokha akaufungua, mwanga ukatoka, na ndani ya mwanga akatoka Ingosi. Mzima. Anatabasamu. Hata mkono uliokatika umerudi. Vijana wakaruka juu ya mabenchi wakishangilia, na mmoja akarusha kofia ikagonga taa.

Mkalimani hakutafsiri neno. Kwenye picha Ingosi alifungua mdomo na kusema jambo kwa Kijapani, na kwa mara ya kwanza katika banda lile hakuna aliyeelewa. Kisha Mkalimani akaizima televisheni.

"Tumelilia mutu muzima," akasema.

Vijana wakadhani ni utani. Akawaambia si utani. Huku kwetu mtu akililiwa kisha akatokea hai, haingii nyumbani hivi hivi kama aliyetoka sokoni. Anasimamishwa njiani. Wazee wanakwenda kumpokea, kondoo anachinjwa, anasafishwa, kwa sababu kile kilio kilishatoka na hakiwezi kurudi mdomoni. Sasa huyu ameingia akicheka, na wenzake hawakumwuliza hata alikolala.

"Lakini Mzee," mwanafunzi mmoja akasema, "hiyo ni katuni tu!"

"Na machozi yako ilikuwa katuni?"

 

Mkalimani hakuigusa tena Milango. Sehemu zilizobaki vijana wakaenda kuzitazama kwenye simu zao na kwenye banda jingine karibu na soko, ambako hakukuwa na mkalimani wa kuuliza nani amekula. Mabenchi yakaanza kuwa matupu. Mchezo wa mji ukawa kumtania. Mwendesha boda akipita dukani alipunguza mwendo na kusema kwa sauti, "Mzee, msiba wa kujitakia hauna kilio!" kisha akakaza moto. Mkalimani alimsindikiza kwa macho mpaka kona. Nami, nikiwa na makoti ya kushona, nilisema moyoni kwamba mtu huyu anajiharibia kazi kwa ajili ya mila ambayo hata yenyewe haijui televisheni. Nilimwona mjinga, na nilimkasirikia, kwa sababu alikuwa ameniharibia kilio cha mama yangu. Alikuwa amekiita kosa.

Milango ikaisha. Waliotazama mwisho walisema ni moto, ni hatari, haijawahi kutokea. Ikasemwa hivyo mwezi mmoja, labda na nusu. Halafu ikaja nyingine ya watu wanaoendesha mawingu.

Mimi sikusoma vitabu vya kuchambua hadithi, ila makoti nayajua. Nguo mtu aliyoipenda kweli huletwa kwangu kutiwa viraka. Inaletwa imechanika kwapa, mwenyewe anaomba nisibadilishe hata kifungo. Makoti ya Milango yalirudi mazima. "Fundi, hii unaweza toa mkoba?" "Fundi, toa foronya mbili." Msichana mmoja alikuja na lake tukalikata kuwa sketi ya mdogo wake. Nikamwuliza, huku nafumua bitana, ile hadithi iliisha aje.

"Woi, fundi, ilikuwa kali."

"Ukali wake ulikuwa nini?"

Akafikiri. Akatazama barabarani. "Si walifunguanga ile milango… halafu wote wakarudi. Hata wale walikuwa wamekufa."

"Wote?"

"Wote." Akacheka kwa aibu. "Sasa unaniuliza kama yule mzee wa hapo."

Nilijijaribu na mimi. Nilikuwa nimeitazama karibu yote kutoka dirishani, na nilipotaka kuikumbuka nilipata rangi, kelele na mvua ile nzuri. Zaidi ya hapo nilipata pikipiki zikizunguka ua na mama muuza njugu sakafuni. Hicho ndicho kilichobaki cha Milango katika Kakamega, na hakikuwa cha Milango.

Nilimpelekea Mkalimani habari hizo nikidhani atafurahi. Hakufurahi. Alikuwa akila sukuma wiki kwa mkono mmoja na kufuta kompyuta kwa mwingine. "Nilikwambia nini," akasema, bila ushindi. "Mutu ambaye hawezi kufa, utamkumbuka ya nini? Si yuko tu."

Usifikiri alichukia katuni. Alizipenda kuliko vijana wenyewe, ila alificha. Kulikuwa na moja aliyoitazama peke yake mchana duka likiwa tupu, na mtu akiingia aliigeuza haraka kama aliyeshikwa na jambo baya. Nikashuku ni uchafu. Siku moja mvua ilinipiga barazani nikakimbilia ndani kwake bila kubisha, nikaikuta. Ilikuwa ya mzee anayetengeneza miavuli. Hakuna shetani wala jitu. Mkewe ni kiziwi, wanazozana kwa ishara za mikono, mkewe anakufa katikati, kimya, na mzee anaendelea kupika wali wa watu wawili. Anapakua, anakaa, anafunika sahani ya pili. Sehemu inayofuata anapakua tena. Mkalimani aliniambia amejaribu kuiweka kwenye flashi za wateja kama nyongeza na hakuna aliyeirudia. Tuliitazama bila kutafsiri mpaka mvua ikakatika. Ile naweza kukusimulia hata sasa hivi, na sikujua hata jina lake.

Hapo ndipo akili yangu ya kushuku ikafanya kazi yake. Nikaunganisha. Nikasema moyoni, sasa nimemkamata: huyu haichukii Milango kwa sababu ya mila. Anaichukia kwa sababu mle ndani waliopotea wanarudi bila taabu, na wake hajarudi. Ilinipendeza sana fikira ile. Nikaitunza wiki nzima kama mtu aliyeficha sukari, kisha nikamwambia.

 Hakukasirika.

"Hapana, fundi," akasema kwa sauti ya jenerali. "Hiyo katuni ni mbaya. Hata kijana yangu akiingia saa hii kwa hii mlango, bado itakuwa mbaya. Usiipatie heshima ya mtoto wangu." Akageuka kuweka flashi za watu kwenye kopo. Niliona aibu, na bado sikumwamini kabisa.

Banda akalifunga. Mabenchi yakanunuliwa na kanisa. Duka likabaki kona yenye kompyuta moja, kisha simu za watu zikawa na kila kitu na hakuna aliyehitaji kona. Akahamia Khayega kulima. Mji ukaendelea. Wakati mwingine niliuliza habari zake kwa wanaotoka huko, na niliambiwa hajanyoa, hajazika, mjukuu ameanza kutembea na bado anaitwa "Mtoto." Mkewe alikuwa ameacha kusema naye kuhusu jambo hilo, jambo ambalo wanawake tunajua ni baya kuliko kelele.

Mwaka huu, msimu wa mahindi mabichi, nilikuwa barazani nikitia zipu. Mtu akasimama kwenye mwanga wangu. Nikainua kichwa kumwambia asogee, nikamwona.

"Mulembe, fundi."

"Mulembe, Mzee. Karibu."

Alikuwa amekonda, nywele zake nyeupe zimesimama bila kuchanwa. Chini ya kwapa alikuwa na kitambaa kimekunjwa, kijivu, sufu nzuri, si ya bei ya mchezo. Akakiweka juu ya meza yangu na kukilaza kwa kiganja.

"Nataka suti," akasema. "Ya Jumamosi."

Sikuuliza ya nani. Nilikishika kitambaa nikakivuta kidogo kujua kama kinarudi, mazoea ya kazi. Nikajua kwamba kule kwao mgomba umeshachaguliwa.

"Nipe vipimo," nikasema.

"Si unamjua. Alikuwanga hapa."

"Namjua kwa kumwona akipita, Mzee. Sikuwahi kumpima."

"Basi pima mimi. Tulikaribiana."

"Kukaribiana hakutoshi. Kaa." Nikamsogezea kiti cha wateja. Sijui nilipata wapi ujasiri. "Simulia kwanza."

Alinitazama kama alivyowatazama watu wote maisha yake yote, akitafuta mahali nilipoficha mzaha. Hakuupata. Akakaa. Gari la miwa lilipita likitingisha ardhi, na akalisubiri lipite.

Kisha akaanza, na sikuitambua sauti. Haikuwa ya jenerali wala ya Ingosi wala ya mtu yeyote niliyewahi kumsikia kupitia ule ukuta. Ilikuwa nyembamba, ya mtu wa kawaida, yenye lafudhi nzito ya kwao. "Alikuwa mrefu kunipita," akasema. "Hapa, mpaka hapa. Bega ya kushoto ilikuwa chini kidogo. Alibebanga mama yake maji akiwa mdogo, akikataa kubadilisha mkono. Kifua haikuwa mingi. Alikuwa anakula haraka na hanoni. Akiwa na njaa anaimba. Shingo…" Akashika shingo yake mwenyewe ili anionyeshe, na mkono ukabaki pale. "Shingo ilikuwa ya baba yangu."

Hapo akalia. Alilia mchana kweupe, barazani, kwenye kiti cha wateja, watu wanapita. Sikuwa na shaka hata kidogo na machozi yale. Mfiwa alikuwa ameanza. Mimi wa mbali nikaweka futi chini, nikaingia, na mama muuza njugu alipotuona kutoka upande wa pili wa barabara alivuka bila kuuliza ni nini.

Tulipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa shati. Nikaandika vipimo vya bega kwa chaki juu ya kitambaa chenyewe, la kushoto chini ya la kulia. Alisimama kuondoka, akafika kwenye ngazi, akarudi. Macho yalikuwa yamepungua tena.

"Fundi. Ile upindo ya suruali."

"Ndiyo, Mzee."

"Acha kubwa. Na ya mikono pia. Alienda akiwa bado anaongezeka."

Nikamwambia sawa. Jumamosi suti ilikwenda Khayega na upindo mkubwa kila mahali, kama ule ninaouacha kwenye sare ya mtoto wa darasa la kwanza, na nyuzi zake nilizipiga kwa mkono, hatua ndefu, ili kama kuna siku zitahitajika kufumuliwa zisisumbue.